Mtu wa Taa, Sasa Kiganjani

Nyakundi mwanangu,

Sitakuuliza kama umepanga nguo. Najua mama yako ameshazipanga, wewe umezipangua, naye amezipanga tena na kutia ndizi mahali ulipotaka kuweka viatu. Sitakuambia ufiche simu ukifika Nairobi wala usipokee chakula cha mtu usiyemjua. Hayo utaambiwa na kila mtu kuanzia hapo Manga mpaka stendi ya Kisii, hata na wale ambao Nairobi wameiona kwenye kalenda tu.

Mimi uliniuliza jambo moja. Ulimpa Onsongo, binamu yangu, ile gemu ya mkononi alipokuwa akipita huku na lori la ndizi, ukamwambia aniambie hivi: "Tata aicheze. Ndiye mtu pekee ninayemjua aliyecheza ile ya zamani. Aniambie kama ni ileile." Onsongo alinikuta juu ya lundo la kokoto, vumbi limenijaa mpaka kwenye kope. Akacheka.

"Momanyi, shuka. Mwanao amekupa kazi ya kufanyia nyumbani."

Nilishuka, nikakaa juu ya jiwe, nikaishika hiyo mashine kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu. Lilikuwa neno la kwanza kutoka kwako tangu siku niliyoingia katika esaiga yako, kile kibanda chako cha ujana ambacho baba hatakiwi kukanyaga. Ulikuwa umekaa kimya muda mrefu, na ulikuwa na haki.

Kwa hiyo najibu. Najua kazi uliyoipata ndiyo hiyo, kucheza michezo kabla watu hawajatoa pesa zao na kuwaandikia kwa ukweli kama ni mizuri au mibovu. Kama nimekuelewa, unataka maneno yangu uyatie kwenye maandishi yako ya kwanza. Utachukua yanayokufaa. Mengine si ya wasomaji wako, ni yako wewe. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika kabla sijaacha shule, na pia, niseme kweli, kwa sababu kwa Ekegusii ningeona haya mapema nikakunja karatasi. Onsongo anarudi Kisii na lori tupu. Amesema utaipata barua kabla hujapanda basi.

Nianze na mwili wake, maana wewe hupenda kuanza hapo. Ni nyepesi na inakaa vizuri mkononi. Vitufe vimetengenezwa kwa vidole vya mtu anayeshika kalamu. Vyangu vimevimba kwa nyundo, na mara nyingi nilipotaka kuruka niliruka na kusimamisha mchezo kwa pamoja. Usiandike hilo kama kosa la mashine. Waambie tu wenye mikono mikubwa waijaribu dukani kwanza. Chaji inakaa. Hapa machimboni umeme wetu ni wa jenereta, unakuja na kuondoka na mashine ya kusaga mawe, na bado haikuniangusha.

Rangi wamezing'arisha. Vilima vya bonde la kwanza vilikuwa na kijani kilichochoka, kama majani ya chai wakati wa kiangazi. Sasa vinang'aa kama vimepakwa mafuta. Siku ya kwanza nilivichukia, baadaye nikavizoea. Muziki ni uleule lakini unatokea kwenye tundu dogo, unasikika kama redio ya jirani. Nilipotia vile vinyaya vya masikioni ulivyofunga pamoja nayo, ukarudi wote, mpaka yule mwenzangu Ombati ninayelala naye chumba kimoja akaniuliza mbona natikisa kichwa kama mtu wa kwaya.

Kwa vijana wako ambao hawakuiona ile ya zamani, waelezee hivi. Kuna mtu mdogo mwenye skafu, amebeba taa, anakwenda upande wa kulia kutoka bonde moja hadi jingine, akiruka visima na kukwepa ndege weusi. Taa inakula mafuta. Mafuta yakiisha giza linafunga skrini, umekufa. Jina lake la kwenye boksi lilikuwa kwa herufi ambazo hakuna aliyezisoma mjini Kisii, hivyo sisi tulimwita Mtu wa Taa, na jina likakaa.

Zamani alikuwa mzito. Ulibonyeza, akajikunja kidogo kwanza, halafu ndipo akapaa. Sisi wapakuzi tulimwelewa mara moja, kwa sababu mtu mwenye mfuko wa saruji begani haruki kama mtu mwenye mikono mitupu. Huyu wa sasa anaruka papo hapo ulipomgusa. Ni rahisi kumwendesha, wengi watafurahi. Lakini mimi niliona kama taa yake imekuwa ya karatasi.

Sijui kama nimewahi kukuhadithia vizuri nilikomjulia. Kabla hujazaliwa nilikuwa mpakuzi katika duka moja la Wahindi mjini Kisii, wakiuza mabomba, rangi na runinga. Mwenye duka aliitwa Kirit, na mama yake mzee ndiye aliyekaa kwenye sanduku la pesa. Mbele ya duka waliweka runinga moja ikiwa na ile mashine ya gemu, ili watu wasimame, na wakisimama waingie. Sisi wapakuzi ndio tuliosimama zaidi ya wote, na hatukununua kitu. Kirit alitukataza mwanzoni, kisha akaona kwamba tukicheza vizuri watu hujazana mpaka barabarani, akanyamaza. Ila mama yake hakunyamaza.

"Momanyi! Lori limefika."

"Mama, nimalize hiki kisima kimoja tu."

"Kisima kimoja tangu asubuhi? Hicho si kisima, hicho ni ziwa. Shuka ukapakue."

Wenzangu walicheka, nami nikashusha padi ya kuchezea. Alikuwa na ulimi mkali lakini mtu akiumia mgongo yeye ndiye aliyekuja na mafuta ya kuchua. Siku walipofunga upande wa runinga wakabaki na mabomba na rangi, alimwambia Kirit, "Hii mashine mpe huyo mwenye ziwa." Hivyo ndivyo ilivyofika Manga, nimeifunga kwenye shuka mgongoni kama mama anavyobeba.

Sasa kosa kubwa la hii ya kiganjani, nalo liandike bila kuficha. Skrini ni ndogo, nao hawakuipunguza picha ikatosha. Waliikata. Upande wa chini umepotea. Kwenye runinga ya Kirit ukifika ukingoni mwa kisima ulikiona mpaka chini, ukajua kama kuna ngazi au kuna miiba. Hapa unasimama ukingoni na chini ya miguu huoni kitu. Unaruka kwa kubahatisha. Nimekufa mara nyingi mahali ambapo zamani ningepita nimefumba macho, na ukikumbuka ramani ya zamani ndivyo unavyokufa zaidi, kwa sababu unajiamini. Wangeweza kuacha ukibonyeza chini picha ishuke kidogo. Hawakufanya. Mtu mpya atadhani mchezo ni mgumu. Mchezo si mgumu, amezibwa macho.

Lakini kuna jambo jingine walilobadilisha ambalo sikulitarajia, nalo ndilo lililonifanya niandike barua badala ya kumpa Onsongo maneno mawili ya mdomo.

Unakumbuka mchezo wa watu wawili. Mmoja anabeba taa, mwingine anabeba mkebe wa mafuta, na sharti wabaki ndani ya skrini moja. Mmoja akikimbia akamwacha mwenzake nyuma ya ukingo wa picha, wote wawili wanakufa. Hukuweza kuzungumza vizuri ulipoanza kuushika huo mkebe. Runinga ilikuwa ya betri ya gari, tulikuwa tumekaa kitandani kwangu, mgongo ukutani, na miguu yako haikufika ukingoni mwa godoro. Kazi yako ilikuwa kupiga kelele.

"Tata, mafuta! Tata, ngoja! Usikimbie, utaniua!"

"Njoo basi, ruka."

"Ni kikubwa!"

"Ruka, nimesimama."

Na mama yako mlangoni na mwiko: "Ijumaa jua limezama. Huyo mtu wenu wa taa naye apumzike Sabato kama watu." Ukamwambia mtu wa taa si Msabato, ni Mkatoliki, maana anabeba mshumaa. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini, na usiku huo akatuachia bonde moja zaidi. Amekuwa akinikumbusha hilo kila tukizungumza habari zako.

Katika hii mpya hakuna watu wawili. Ukichagua mchezo wa wawili, mwenye mkebe anaendeshwa na mashine yenyewe. Nilimjaribu. Anajua kila kisima. Hapigi kelele, hachelewi, ukikimbia anakimbia, ukisimama anasimama. Haiwezekani kumwacha nyuma. Nilimkimbia makusudi bonde zima nione, nikigeuka yuko. Nikazima mashine nikaenda kukaa nje kwenye mawe.

Mimi nilikuacha nyuma, Nyakundi. Nilianza mapema kuliko unavyojua.

Desemba uliyotahiriwa nilikuwa nimepewa ruhusa. Uliambiwa kwamba gari niliyopanda iliharibika njiani. Haikuharibika. Nilifika Narok, nikakutana na watu wa kambi niliofanya nao kazi ya barabara, tukaingia mahali, na nilipotoka sikuwa na nauli. Nikarudi kambini. Wewe ulikaa ndani na wenzako, moto ukatunzwa usizimike, wajomba na baba zako wadogo wakaja kusimama nje na kuimba, na mimi nilikuwa nachimba mtaro kichwa kinaniuma. Nilifika nyumbani mmeshatoka, mmepakwa mafuta, na watu wamekwisha kula. Ulikuja kunisalimu kwa adabu mpya, kwa mbali, ukaniuliza, "Tata, gari ilitengenezwa?"

Nikasema ilitengenezwa.

Jioni hiyo ulikuwa umeiunganisha mashine. Ulikuwa umefuta padi yangu vumbi. Ukasema, "Nimekuwekea upande wa taa." Nami nikakuambia kwa sauti ya mzee wa ukoo kwamba sasa wewe ni mwanamume, mwanamume hakai kitandani kwa baba yake, na kwamba baina yetu sasa kuna chinsoni, ile heshima inayomweka baba mbali na mtoto aliyekua. Ulichomoa nyaya moja moja, ukazizungusha vizuri, ukatoka.

Kila neno nililosema lilikuwa la kweli. Ndiyo mila yetu, nami nililelewa nayo. Lakini chinsoni ilikukataza kitanda. Haikukukataza mimi. Viti vilikuwepo, mkeka ulikuwepo, uwanja mzima ulikuwepo. Niliona vigumu kukaa karibu na mtoto niliyemdanganya habari ya gari, nikachukua mila ya babu zangu nikaifanya mlango wa kujifichia. Ningekuwa nimekosa tu kuja, ungenisamehe jioni ileile, nilikuona usoni. Nilichofanya baadaye ni kukufanya udhani kwamba kukua ndiko kulikokuondolea baba.

Nikaondoka tena kwenda kazini, na nikaondoka tena. Ile mashine ikaharibika, ikakaa juu ya kabati. Nilisikia kwa mama yako kwamba umejifunza kutengeneza simu kwa fundi mmoja pale Nyakoe, kwamba unaandika mambo ya gemu na vijana wanayasoma, kwamba umejijengea esaiga ya mabati nyuma ya migomba. Nilisema vizuri. Sikuuliza zaidi.

Halafu siku ile. Wewe unaijua kwa upande wa ndani. Acha nikueleze kwa upande wa nje.

Nilipanda njia ya mguu kutoka barabarani nimebeba sukari na mkate, nimechoka, lakini nina furaha, maana sikuwa nimesema nakuja. Nilipofika kwenye migomba nikasikia muziki. Nilisimama. Nilidhani ni kichwa changu. Kumbe ulikuwa umeifufua, ile ya Kirit, ambayo mafundi wawili wa mjini waliniambia nitupe. Na nikasikia sauti ya Makori, rika lako, mtoto wa jirani, anapiga kelele: "Nakimbia na taa, Nyakundi, lete mafuta!" Nawe ukamjibu, "Ngoja, wewe, utaniua!" Mkacheka wote humo ndani.

Ameshika padi yangu. Hilo ndilo nililoliwaza. Mtu mzima, mwenye mvi, nimesimama kwenye migomba na mkate kwapani, nikimwonea wivu mtoto wa jirani kwa kiti ambacho mimi mwenyewe nilikiacha. Ningeweza kukohoa. Kila baba katika kilima kile anajua kukohoa akifika karibu na nyumba ya mwanawe, na mtoto anatoka, wanasalimiana nje. Sikukohoa. Nilisukuma mlango nikaingia mpaka katikati. Nikang'oa nyaya. Nikakuita omoisia, mvulana asiyetahiriwa, wewe uliyekaa ndani ya ule moto bila mimi, nikakuita hivyo mbele ya vijana uliokaa nao. Kisha nikatoka na mashine nikaivunja uwanjani kwa upande wa nyuma wa jembe.

Hukupiga kelele. Ulisimama mlangoni ukasema tu, "Tata, umeingia."

Makori na wenzake walipita kando yangu wakitazama chini, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka msibani. Magokoro, bibi yako, alikuja na fimbo yake kutoka jikoni. "Momanyi," akasema, "miguu hiyo umeitoa wapi?" Baba yako mdogo alikuja baada ya chakula akasema wazee watakaa asubuhi na mbuzi wa kutakasa, jambo kama hilo haliachwi likalala ndani ya boma. Nikasema sawa. Kabla hawajakaa nilikuwa nimeshashuka barabarani. Nilimwambia mama yako nyapara amenipigia simu. Hakunipigia mtu.

Kwa watu wa huku nilisema nilimrudi kijana wangu kwa sababu ya kuacha masomo na kucheza gemu. Walitikisa vichwa, wakasema vijana wa siku hizi. Nilisema hivyo mara nyingi mpaka nikakaribia kuamini. Lakini hukuwa umeacha masomo. Mama yako aliniambia hivyo siku ileile na nilimsikia.

Juzi alinipigia.

"Umeicheza ya mtoto?"

"Nimeicheza."

"Ikoje?"

"Wamekata picha kwa chini. Huwezi kuona visima."

"Momanyi. Unadhani mtoto ametuma mashine hadi huko kwa ajili ya visima?"

"Ameuliza kama ni ileile."

"Basi mjibu kama ni ileile. Mjibu yote." Nikamsikia anapepeta kitu kwenye ungo. "Habari za mbuzi na wazee mimi sizijui, mimi ni Msabato. Lakini mdomo ulioharibu si wangu, ni wako."

Hivyo ndivyo alivyosema, nami nimekuwa nikiusikia huo ungo tangu hapo, hata mawe yanaposagwa.

Nikurudishe kwenye gemu kidogo, maana kuna sehemu moja wameboresha na ningekuwa mwongo nisipoisifu. Zamani hukuweza kurudi nyuma. Skrini ilisogea kulia, na ulichokipita kimekufa, hata kama umeruka kopo la mafuta kwa haraka. Hii inakubali kurudi. Niligundua kwa bahati mbaya nikikwepa ndege. Basi siku moja tuliyokosa kazi kwa sababu baruti hazikufika, nilimgeuza Mtu wa Taa nikamwendesha kushoto. Kila kitu kipo palepale. Visima, ngazi, makopo niliyoyaruka. Nilifurahi kama mtoto. Nikaendelea kurudi na kurudi, nikitaka kufika bonde la kwanza, na sikuangalia taa. Kurudi nako kunakula mafuta. Nilizimikiwa njiani.

Waandikie hivyo: kurudi kunawezekana, ila usichelewe kuamua.

Sasa hukumu, kwa sababu najua wasomaji wako huruka mpaka mwisho. Ramani ni ileile. Ndege ni walewale na wanatoka mahali palepale. Aliyecheza peke yake zamani atapata alichokizoea, isipokuwa kule chini kulikokatwa. Aliyecheza na mtu mwingine asinunue kwa matumaini hayo, hatampata humu. Mtu mpya anunue tu, atafurahi. Mimi nimeipenda na imeniumiza, na sijui hiyo kwenye karatasi yako mnaipa nyota ngapi.

Na kwa kuwa utakuwa unahukumu kazi za watu kila siku, nikuambie neno moja kutoka kwa mtu aliyewahi kuhukumu vibaya. Waliokata hiyo picha walikaa mahali wakaumiza macho yao. Kosa lao liseme lote, usilipunguze. Lakini lisome tena kabla hujalituma, uone kama unalolisema ni la mchezo au ni la jambo jingine lililokukera asubuhi hiyo. Mimi nilivunja kitu nilichokipenda kuliko vitu vyote ndani ya nyumba ile kwa sababu sikuwa na maneno ya kusema nilichokuwa nakisikia. Wewe unayo. Nimeyasoma. Ombati ananitafutia kwenye simu yake, najifanya sina haja, halafu namwambia arudie.

Mashine nampa Onsongo pamoja na barua, nimeifunga kwenye soksi safi. Ni ya kazi yako, usiiache nyumbani.

Kesho basi lenu litasimama Narok, watu wapate kula na kunyoosha miguu. Nitakuwa pale. Nilimwomba nyapara ruhusa, akasema nikiondoka wiki hii ya oda kubwa nisirudi. Nimemwachia Ombati nyundo na godoro. Usimwambie mama yako bado, nitamwambia mwenyewe nikifika, kwa sababu kutoka Narok nitapanda kwenda nyumbani. Baba yako mdogo nimezungumza naye. Wazee wako tayari kukaa. Watauliza mbona mtoto hayupo, nami nitawaambia waanze na mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyevuka mlango wako. Ukija Desemba, na ukitaka, watamaliza nawe ukiwepo. Usipotaka, sitamtuma mtu kukushawishi.

Lakini lile neno nililokuita nililisema mbele ya rika lako, haliwezi kufutwa kwa barua. Nasikia Makori anakusindikiza mpaka Nairobi. Ni vizuri. Nataka alisikie likifutwa kwa mdomo uleule, kwa sauti, hapo kwenye mabasi, na wauza mahindi wakisikia wasikie. Nitasema nilimwita mwanamume mtoto kwa sababu nilimwonea wivu. Nimelijaribu huku machimboni, nikiwa peke yangu, linatoka.

Si lazima ushuke. Si lazima ufungue dirisha wala uniitikie. Basi lenu nitalijua kwa rangi, nitasimama upande wa mlango. Na kama utakuwa umelala, nitamwambia kondakta asikuamshe.

Baba yako,
Momanyi